Lori litengenezwe kwanza, kipimo cha moshi kifuate

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji nizungumzie jambo ambalo wenye malori, madereva na wakaguzi wa magari hukutana nalo kila mwaka, lakini ambalo ni nadra kujadiliwa hadharani, nalo ni namna lori kubwa la dizeli linavyotayarishwa kabla ya kupimwa moshi. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli, yaani vifaa vinavyosukuma dizeli na kuirusha ndani ya injini, hapa Changamwe, ambako malori ya makontena hupita usiku na mchana kati ya bandari ya Mombasa na barabara kuu iendayo Nairobi na Malaba. Kazi hii imenishawishi kwamba sehemu kubwa ya yale yanayoitwa maandalizi haiitengenezi injini hata kidogo, bali huuficha ubovu wake kwa saa chache zile ambazo cheti kinatafutwa.

Mbinu yenyewe inajulikana na kila fundi. Siku moja kabla ya ukaguzi, dereva hutumwa karakanani na maagizo kwamba moshi upunguzwe. Kwa malori yenye pampu za zamani, fundi hugeuza skrubu inayotawala kiasi cha dizeli, injini ikanyimwa mafuta, na moshi mweusi ukapungua kwa sababu hakuna tena dizeli ya ziada ya kuungua nusunusu. Lori hupimwa, hupita, na jioni hiyo hiyo hurudi karakanani ili skrubu irejeshwe ilipokuwa, kwa kuwa lori lililopunguziwa mafuta namna hiyo haliwezi kuupanda mlima wa Mazeras likiwa na kontena la futi 40. Kwa hiyo lori linalopimwa kituoni halipo barabarani, na lile lililopo barabarani halijapimwa. Mwenye gari amemlipa fundi mara mbili, ilhali nozeli mbovu iliyosababisha moshi ingali mahali pake na inaendelea kumpotezea dizeli.

Hili ni jambo la afya ya watu. Juni 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Chembe za masizi ni ndogo mno hata huzama hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 usipite maikrogramu 5 katika kila meta ya ujazo ya hewa. Wanaouvuta moshi huo kwanza ni utingo anayelala kando ya trela, mama anayepika chapati pembeni mwa foleni ya malori, na mtoto wa Jomvu au Miritini anayekwenda shule kwa miguu ukingoni mwa lami. Kanuni za ubora wa hewa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 tumekuwa nazo tangu mwaka 2014, na magari ya biashara yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Sheria basi ipo, na linalohitajika ni kuhakikisha kwamba kinachopimwa ni injini ileile inayofanya kazi.

Ili maandalizi yawe na maana, ni lazima mwenye lori akielewe kipimo chenyewe. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi hufanywa lori likiwa limesimama, gia imetolewa, magurudumu yamewekewa vizuizi na breki ya injini imezimwa. Kifaa chenye taa upande mmoja na kihisi upande wa pili hupitishiwa moshi unaotoka kwenye bomba, na kiasi cha mwanga kinachozuiwa na moshi huo ndicho kinachosomwa. Pedali ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho kwa muda usiofika sekunde moja, kwa haraka lakini bila kuipiga teke, ili injini ipande kutoka mzunguko wa chini kabisa hadi ule wa juu unaoruhusiwa na kidhibiti chake, kisha iachwe itulie. Utaratibu wa Marekani unaojulikana kama SAE J1667 hutaka kwanza mikanyago mitatu ya kuondoa masizi yaliyolala kwenye bomba, halafu mitatu ya kupimwa, na wastani wake ndio jibu. Umoja wa Ulaya hutumia njia inayokaribiana na hiyo. Maelekezo yake ya mwaka 2014 yaliweka kikomo cha 2.5 kwa kila meta (namba inayoonyesha jinsi moshi unavyozuia mwanga, na ikiwa kubwa moshi ni mzito) kwa injini zisizo na turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, na 3.0 kwa zenye turbo, pale ambapo kibati cha mtengenezaji hakitaji kiwango cha gari lenyewe, na kikomo hicho hushuka hadi 1.5 kwa magari ya Euro 4 na Euro 5, na 0.7 kwa Euro 6, ambavyo ni viwango vya Ulaya vya moshi wa magari, namba kubwa ikiwa na masharti makali zaidi.

Maelekezo hayo yanataka pia oili ya injini iwe imefika angalau nyuzi 80 za Selsiasi kabla ya kupima, na hapa ndipo malori mengi yasiyo na kasoro kubwa hufeli bila sababu. Dizeli inayorushwa kwenye silinda iliyopoa haiungui yote. Malori yetu hufika kituoni alfajiri, hukaa foleni kwa saa nyingi yakinguruma kwa mzunguko wa chini, injini ikapungua moto, masizi pamoja na mafuta yasiyoungua yakajikusanya kwenye bomba, na hali hiyo ndiyo lori linayoingia nayo kwenye kipimo. Lori linapaswa kuingizwa likiwa limetoka kufanya kazi barabarani, na kama foleni imelichelewesha, dereva aruhusiwe kutoka nalo kwa mwendo wa kutosha ili injini irudie joto lake. Dereva anayeliomba jambo hilo asionekane msumbufu, maana analiomba kwa haki.

Kuna pia hatari ambayo haizungumzwi. Kukanyaga pedali hadi mwisho bila mzigo wowote ni jaribio zito kwa injini iliyochakaa. Ikiwa kidhibiti cha mzunguko kimeharibika, injini inaweza kupita kiwango chake na kuvunjika mbele ya mkaguzi, na hasara hiyo itamwangukia mwenye gari. Fundi anapaswa kuipandisha injini taratibu karakanani kwanza, akihakikisha kwamba inasimama kwenye kikomo chake, kwamba oili iko kwenye alama na shinikizo lake halishuki, na kwamba feni na mikanda yake ni salama. Lori lisiloweza kuvumilia jaribio hilo karakanani lisipelekwe kupimwa.

Nikiulizwa kazi ianzie wapi, nitasema ianzie kwenye hewa, kwa kuwa moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha, na huko ndiko kwenye gharama ndogo zaidi. Chujio la hewa la lori linalopita kwenye vumbi la viwanda vya saruji vya Athi River, au kwenye barabara za udongo ziendazo machimboni, huziba mapema kuliko ratiba iliyo kwenye kitabu cha gari. Vijana wengi hulisafisha kwa upepo wa kompresa wakiupuliza kutoka nje kwenda ndani, tena kwa nguvu zote, hata karatasi ikatoboka. Kuanzia hapo vumbi huingia moja kwa moja kwenye turbo na kukwaruza kuta za silinda, na lori lililotoa moshi mweusi kwa chujio la bei nafuu huishia kutoa moshi wa buluu unaohitaji injini kufunguliwa yote. Chujio lililoziba libadilishwe tu.

Baada ya chujio, mipira inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye kipoza hewa, ambacho mafundi wengi hukiita intakula, ikaguliwe mmoja mmoja. Ufa mdogo uliojificha chini ya klipu hupoteza hewa ambayo turbo imekwisha kuisukuma, na dizeli hubaki nyingi kuliko hewa hasa wakati pedali inapokanyagwa ghafla, yaani katika hali ileile ambayo kipimo kinaitafuta. Upepo kidogo wa kompresa uliofungiwa ndani ya mipira hiyo na maji ya sabuni yaliyopakwa nje vinatosha kuuonyesha ufa huo. Turbo yenyewe ishikwe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na kupoa. Mhimili ukicheza hadi mapanga yakagusa kuta zake, hakuna marekebisho ya pampu yatakayolisaidia lori hilo. Ukaguzi wote huu ni kazi ya asubuhi moja, na nimeona malori yakiacha kutoa moshi mzito kwa klipu mbili na mpira mmoja mpya, baada ya mwenyewe kuambiwa anunue pampu.

Nozeli ndiyo sehemu ninayoishughulikia kila siku, na ndiyo ninayotaka wenye malori waielewe vizuri. Nozeli nzima huipasua dizeli ikawa ukungu mwembamba unaowahi kuungua katika nafasi fupi ambayo pistoni inaruhusu. Iliyochoka hudondosha matone, na tone huungua kwa nje tu, la ndani likabaki masizi. Nozeli zote zitolewe pamoja na kupimwa kwenye mashine, ambako shinikizo la kufunguka na umbo la ukungu huonekana wazi, kwa sababu injini yenye nozeli moja mpya na tano zilizochoka hutetemeka na kutoa moshi vilevile. Zikiwa nje, huo ndio wakati wa kupima mgandamizo wa kila silinda na kurekebisha tapeti, yaani nafasi za vali, kazi ambayo huahirishwa mwaka hadi mwaka kwa kuwa haionekani kwa macho. Katika malori mapya zaidi yenye mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote, ambamo shinikizo la dizeli linaweza kupita bar 1,600, fundi asiye na mashine ya kuzipimia na kompyuta ya kuingizia namba ya kila nozeli hapaswi kuzigusa. Wengi huzigusa hata hivyo, na mwenye gari hulipa mara ya pili kwa fundi mwingine.

Rangi ya moshi humwonyesha fundi pa kuanzia. Mweusi nimekwisha kuueleza. Wa buluu ni oili inayopita kwenye ringi za pistoni, kwenye miongozo ya vali au kwenye sili za turbo, na wakati mwingine ni oili iliyojazwa kupita alama. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua kwa sababu ya mgandamizo mdogo au taimingi (wakati wa kurusha dizeli) iliyochelewa, au ni maji ya rejeta yanayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Kifaa cha kupimia huhesabu mwanga uliozuiwa bila kujali rangi, na kupunguza dizeli kwenye pampu hakuponyi moshi wa buluu wala mweupe.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwa miaka ijayo ni malori yaliyotumika yanayoletwa kutoka Uingereza na kwingineko. Mengi ya Euro 5 yalitengenezwa na tangi la AdBlue, maji yenye urea kwa asilimia 32.5, ambayo hurushwa kwenye moshi ili kuziondoa oksidi za naitrojeni, gesi zenye sumu. Yale ya Euro 6, kiwango kilichoanza kutumika kwa malori yote mapya ya Ulaya mwishoni mwa mwaka 2013, yana pia chujio la masizi ndani ya bomba la moshi. Yakifika huku, mwenye gari hushauriwa aondoe vifaa hivyo: mfumo wa AdBlue hudanganywa kwa kifaa kidogo cha umeme kinachoiambia kompyuta kwamba kila kitu kiko sawa, na chujio la masizi hukatwa likauzwa. Wakaguzi wanapaswa kufahamu kwamba kipimo cha mwanga hakizioni oksidi za naitrojeni. Lori lililoondolewa AdBlue linaweza kupita kipimo cha moshi kwa alama nzuri huku likitoa sumu ambayo mtengenezaji alikwisha kuizuia. Kwa malori haya, ukaguzi wa macho ni muhimu sawa na kifaa: chujio lipo au halipo, tangi lina maji yake au ni kavu, taa ya onyo kwenye dashibodi inawaka kisha kuzimika au imeng'olewa kabisa.

Maandalizi yake nayo ni tofauti. Lori linalofanya safari fupi kati ya bandari na maghala ya Changamwe halipati joto la kutosha kuunguza masizi yaliyonaswa kwenye chujio, hivyo taa ya onyo huwaka na dereva huambiwa gari ni bovu. Mara nyingi linachohitaji ni safari ndefu ya barabara kuu likiwa na mzigo, siku chache kabla ya kupimwa, ili chujio lijisafishe lenyewe jinsi lilivyoundwa. Kulikata ili kuepuka safari hiyo ni hasara kwa kila mtu, pamoja na yule atakayetaka kuliuza gari hilo siku moja.

Yote haya yanategemea dizeli. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa, ingawa Ulaya hutumia isiyozidi 10 na injini za Euro 6 ziliundwa kwa dizeli hiyo. Lakini manufaa yake hupotea pale dereva anaponunua dizeli ya madumu kando ya barabara. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta taa ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, na hatua hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa mafuta taa hayalainishi pampu jinsi dizeli inavyolainisha, na pampu iliyosagika haiponi kwa skrubu. Wiki kadhaa kabla ya kipimo, tangi liondolewe maji na uchafu, chujio la dizeli na kitenganishi cha maji vibadilishwe, na kuanzia hapo mafuta yanunuliwe kituo cha kuaminika na risiti zihifadhiwe.

Wenye malori ya safari ndefu wazingatie pia kwamba hewa ya Nairobi, mji ulio takribani meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina shinikizo la asilimia 80 hivi tu ya lile la Mombasa, na ile ya Timboroa, kwenye njia ya Malaba, penye zaidi ya meta 2,700, ni nyembamba zaidi. Injini iliyorekebishwa ikapita kwa shida hapa pwani, hasa isiyo na turbo, itatoa moshi mweusi ikifika huko. Fundi wa Mombasa anayejua kwamba lori linakwenda Malaba alirekebishe akiwa na milima hiyo akilini.

Sasa niseme kuhusu madereva, ambao hulaumiwa kuliko wote. Dereva hana mamlaka ya kulisimamisha lori kwa siku tatu ili nozeli zitolewe. Mwenye mamlaka hayo ni mwenye gari, ambaye mara nyingi hukumbuka ukaguzi cheti kikiwa kimebakiza siku chache, humpa dereva pesa kidogo za fundi, na lori likifeli humkata gharama kwenye malipo ya safari. Katika hali hiyo skrubu ya pampu ndiyo njia pekee anayobakishiwa. Tarehe ya ukaguzi inajulikana mwaka mzima. Mwenye lori angelileta karakanani mwezi mmoja kabla, angekuwa na muda wa kubadilisha kinachohitajika, kulirudisha barabarani kwa majuma mawili na kulipima tena, na dizeli ambayo ingeokolewa ingemrudishia sehemu ya gharama hizo.

Kwa mamlaka zinazohusika na ukaguzi wa magari na mazingira, nina maombi. Kila anayelipia ukaguzi apewe utaratibu wa kipimo cha moshi kwa maandishi, kwa Kiswahili, ukieleza joto la injini linalotakiwa, idadi ya mikanyago na kikomo kinacholihusu lori lake. Cheti kionyeshe namba iliyosomwa hata kwa lori lililopita, kwa sababu mwenye gari akiona kwamba mwaka jana alipata 1.2 na mwaka huu 2.4, atajua kwamba injini inazeeka kabla haijafeli. Vilevile kipimo cha ghafla kifanywe mara kwa mara kwenye mizani ya Mariakani, ambako malori husimama hata hivyo yakiwa na mzigo na injini zikiwa na moto, maana hakuna dereva atakayekuwa amepunguziwa dizeli katikati ya safari ya Kampala.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi mafundi. Pampu nyingi zilitoka kiwandani skrubu yake ya mafuta ikiwa imefungwa kwa waya na sili ili isichezewe, na sili hizo zilikatwa zamani. Napendekeza kila pampu inayopimwa kwenye mashine irudishwe kwenye injini ikiwa na sili mpya yenye alama ya karakana iliyoipima, na mkaguzi aandike alama hiyo pamoja na namba ya moshi. Ikikutwa imekatwa, mwenye lori aulizwe nani ameikata. Ikikutwa nzima na lori linatoa moshi, tuulizwe sisi tulioifunga. Karakana yangu iko tayari kuanza na masharti hayo.

Fundi wa pampu na nozeli,
Changamwe, Mombasa